Amepasi mtihani, lakini nani atampeleka chuoni?

KILA mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, magazeti na runinga hujaa picha za vijana waliobebwa juu juu na jamaa zao. Mama anapiga vigelegele, baba anacheka hadi jino la mwisho, na shangazi aliyesafiri usiku kucha kutoka mashambani anafuta machozi kwa leso.

Wapo vijana wengine ambao hupata alama zizo hizo na hakuna anayewabeba. Hawa ni wale waliolelewa katika makao ya watoto. Matokeo huwafikia kupitia simu ya meneja wa makao. Hupongezwa wakati wa chakula cha jioni, na kabla ya mwezi kwisha huulizwa swali wasiloweza kulijibu: sasa utaenda kuishi wapi?

Wasomaji wapendwa, juma hili ningependa tuwazungumzie vijana hawa. Huenda ukajiuliza daktari anatafuta nini katika mambo ya karo na vyuo. Jibu ni kwamba vijana hawa huja kliniki. Huja na kichwa kinachouma kila siku, tumbo linalochoma, moyo unaoenda mbio na usingizi uliopotea. Unawapima malaria, unawapima damu na choo, na maabara haioni kitu. Kisha unawauliza walilala wapi jana na walikula nini, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapojitokeza.

Baada ya miaka mingi ya kuwasikiliza, nimeamini kwamba wengi wao hawaangushwi na ukosefu wa akili. Huangushwa na ile miezi iliyo kati ya karatasi ya mwisho ya Kidato cha Nne na mwisho wa mwaka wa kwanza chuoni. Huo ndio wakati ambapo makao yameshamwachilia kijana na hakuna mwingine aliyempokea. Pengo hilo linaweza kuzibwa, na gharama yake si kubwa jinsi watu wanavyodhani.

MTU MZIMA WA USIKU MMOJA

Serikali ilipozindua mkakati wa kitaifa wa kurekebisha malezi ya watoto mwaka wa 2022, ilikadiriwa kwamba zaidi ya watoto 40,000 walikuwa wakiishi katika makao yanayoendeshwa na makanisa, mashirika na watu binafsi. Wengi wao si mayatima kamili. Wana mzazi mmoja aliye hai, au nyanya, au mjomba. Walipelekwa makaoni kwa sababu ya umaskini, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani au hamu ya kupata shule.

Kulingana na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Hii ina maana kwamba usiku kijana analala akiwa mtoto mwenye kitanda, na asubuhi anaamka akiwa mtu mzima ambaye kitanda hicho kinangojewa na mwingine.

Yapo makao yenye utu ambayo humwacha kijana amalize sekondari, na mengine yana nyumba ndogo za kumzoesha maisha ya kujitegemea. Lakini kumbuka kwamba mtoto wa makao mara nyingi alianza shule akiwa amechelewa. Si ajabu kumkuta ametimiza miaka 18 akiwa bado katikati ya sekondari.

Sasa tazama nyumba yako mwenyewe. Ni nani kati yetu aliyemwonyesha bintiye mlango siku alipotimiza miaka 18? Vijana wetu wakiwa na miaka 22 bado wanarudi nyumbani na mfuko wa nguo chafu, wanafungua friji bila kuuliza na kuomba nauli ya kurudi chuoni. Hatuwaiti wavivu. Tunasema wanasoma.

Utabibu unatuunga mkono katika hilo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupanga mambo, kupima hatari na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Kijana wa miaka 18 ana nguvu za mtu mzima, lakini bado anahitaji mtu mzima wa kumshika mkono.

Sheria nayo haikufumba macho. Mahakama inaweza kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 kukiwa na sababu maalumu. Afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako anaweza kueleza jinsi ombi hilo linavyopelekwa. Ni vyema makao yakamwona mapema, wala yasingoje kijana afungashe virago.

AKILI ILIYOZOEA TAHADHARI

Mtoto aliyefiwa, aliyepigwa au aliyehamishwa kutoka mkono hadi mkono hujifunza kukaa macho. Mwili wake humwaga homoni za dhiki, kama vile adrenalini na kotisoli, kana kwamba simba yu mlangoni. Zikitoka kwa muda mfupi, homoni hizi hutuokoa. Zikitoka mwezi baada ya mwezi, huvuruga usingizi, makini na kumbukumbu, na mwili mzima hudhoofika.

Mwaka wa 2000 watafiti kutoka Marekani walianza kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao ya serikali jijini Bucharest, Romania. Nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi na wengine wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa huko. Kwa jumla, wale waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Hata hivyo, tusije tukawabandika watoto wetu alama ya kudumu. Makao ya Romania ya wakati ule yalikuwa na sifa mbaya, ambapo mlezi mmoja alikuwa na watoto wengi mno. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2009, na ambao ulihusisha mayatima katika nchi tano, Kenya na Tanzania zikiwemo, uligundua kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 waliokuwa katika makao hawakuwa na afya mbaya kuliko wenzao waliokuwa wakiishi na jamaa.

Funzo ni kwamba jengo peke yake halimharibu mtoto wala halimponyi. Kinachotenda kazi ni malezi anayoyapata ndani yake, na kama kuna mtu anayemjua kwa jina na kwa tabia.

Kwa hivyo mwalimu au mhadhiri akimwona kijana wa makao anasinzia darasani, anasahau alichofundishwa jana au anajitenga na wenzake, asiharakishe kusema ni mjinga au ni mwenye kiburi. Huenda ni akili iliyochoka kukesha. Inaweza kutulia ikipewa usingizi, chakula na mtu wa kuzungumza naye.

KENGELE NA SUFURIA KUBWA

Maisha ya makao huongozwa na kengele. Kengele ya kuamka, ya chai, ya masomo, ya kulala. Chakula hupikwa katika sufuria ya watu 60. Dawa hutolewa na matroni, nguo hutoka stoo, na nauli hulipwa na dereva wa makao.

Mpango huo unafaa kwa mtoto wa miaka minane. Lakini kijana aliyeishi hivyo kwa miaka kumi anafika chuoni bila kuwahi kununua unga wa kumtosha mwenyewe, bila kuwahi kuweka pesa za mwezi mzima mkononi, na bila kuwahi kwenda hospitali peke yake na kueleza anaumwa wapi.

Kijana mmoja aliyeletwa kwangu na wenzake wa hosteli alikuwa amezirai kwenye foleni ya maktaba. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa amepokea pesa zake za muhula, akalipa madeni, akanunua viatu, akawakopesha marafiki wawili, na kwa siku tisa alikuwa akinywa chai na mandazi tu. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba pesa za muhula hugawanywa kwa majuma.

Hili ni jambo la kufundishwa, tena mapema. Kuanzia mwanzo wa sekondari, kila kijana makaoni apewe zamu ya kwenda sokoni na bajeti ya kweli. Apike chakula cha watu wanne. Apande matatu peke yake. Akiumwa, matroni amsindikize hadi kliniki lakini amwache aongee na daktari mwenyewe.

KARATASI ZINAZOMFUNGIA NJE

Ukimwuliza kijana wa makao ni kitu gani kilichomkwaza zaidi, usishangae akikujibu kwamba ni karatasi. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa. Ili apate nambari ya KRA, akaunti ya benki na hata laini ya simu ya kupokea pesa, anahitaji kitambulisho. Bila hivyo vyote ni vigumu kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ambayo imekuwapo tangu 1995.

Kisha fomu zenyewe zinauliza jina la baba, jina la mama na nambari za vitambulisho vyao. Kama wamefariki, zinataka vyeti vya kifo. Mtoto aliyeokotwa kituo cha basi akiwa na miaka mitatu atatoa wapi cheti cha kifo cha baba asiyemjua?

Wengi hawajui kwamba Katiba ya 2010 ililitazama jambo hili. Kifungu cha 14 kinasema kwamba mtoto aliyepatikana nchini Kenya, ambaye anaonekana hajatimiza miaka minane na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Kwa hivyo kijana huyu haombi hisani afisini. Anadai haki yake.

Isitoshe, kuna tatizo la basari. Afisi ya wadi yalipo makao humwambia kijana aende kwao alikozaliwa. Akifika huko, chifu anasema hamjui kwa sababu aliondoka akiwa mdogo. Anarudi mjini mikono mitupu baada ya kutumia nauli aliyoikopa.

Dawa ya ugonjwa huu ni kuanza mapema. Kijana akitimiza miaka 15, meneja afungue faili lake na kuhakikisha kwamba lina cheti cha kuzaliwa, amri ya mahakama iliyomleta makaoni, barua ya afisa wa watoto, vyeti vya kifo vya wazazi kama vipo, na majina ya jamaa wanaojulikana. Kinachokosekana kitafutwe wakati huo. Kukitafuta baada ya barua ya chuo kufika, na siku za kuripoti zikihesabika, ni kuchelewa.

FAILI LA AFYA

Mimi kama daktari ningeongeza faili la pili. Mara nyingi hukutana na kijana wa miaka 19 asiyejua kama alichanjwa, aliyewahi kulazwa lakini hajui kwa ugonjwa gani, na asiyejua iwapo katika ukoo wao kuna kisukari, seli mundu au kifafa. Sisi wengine mambo haya huyauliza kwa mama. Yeye atamwuliza nani?

Kabla ya kuondoka makaoni, kila kijana afanyiwe uchunguzi kamili. Macho yapimwe, kwa kuwa wako wanaoitwa wazito darasani kumbe hawauoni ubao, na miwani tu ingewaokoa. Meno yatazamwe. Damu na shinikizo vipimwe. Mwenye pumu aonyeshwe jinsi ya kutumia pampu yake, na mwenye kifafa aambiwe wazi kwa nini hafai kuruka dawa wala kukesha. Apewe nakala ya kadi ya chanjo na muhtasari wa matibabu yake ulioandikwa kwa lugha anayoielewa.

Bima ya afya nayo isisahaulike. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Kijana akipata kitambulisho anatakiwa kujisajili kwa jina lake mwenyewe. Kujisajili humwezesha kupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Kwa matibabu makubwa ya hospitali lazima mchango ulipwe, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Mfadhili anayelipa karo aijumlishe pia bima hiyo, maana ugonjwa mmoja unaweza kula pesa za muhula mzima.

Kwa wale wanaoishi na virusi vya HIV, huu ni wakati wa hatari ya pekee. Mwaka wa 1992 Padri Angelo D'Agostino, ambaye pia alikuwa daktari, alianzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi kwa watoto wenye virusi hivyo. Siku hizo watoto hao walilelewa ili wafe kwa heshima, kwani dawa hazikuwapo. Dawa zilipopatikana, watoto wakakua, na swali likageuka: watasoma wapi? Ilibidi suala lifikishwe mahakamani ndipo mapema mwaka wa 2004 shule za umma za Nairobi zikakubali kuwapokea.

Ushindi huo unaweza kupotea mtoto akifika chuoni. Makaoni matroni alimkumbusha dawa kila jioni. Hosteli ana wenzake watatu chumbani ambao hataki wajue. Akianza kuficha dawa, huanza pia kuziruka. Ni muhimu kliniki yake imwandikie barua ya kuhamia kliniki iliyo karibu na chuo, na atambulishwe kwa mhudumu mmoja huko kabla masomo hayajaanza.

CHUO KINAPOFUNGWA

Yapo maumivu ambayo watu wengi hawayafikirii, nayo ni likizo. Hosteli zinafungwa, wanafunzi wanasafiri, na kijana wa makao anabaki langoni na sanduku lake. Makao hayamruhusu kurudi kwa sababu sasa ni mtu mzima kati ya watoto. Jamaa, kama wapo, hawajamzoea.

Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Hapo ndipo hujitokeza mwanamume wa umri wa baba yake, yule ambaye vijana humwita "sponsa", akiwa tayari kumlipia chumba. Malipo ya chumba hicho huonekana kliniki miezi michache baadaye: mimba isiyotarajiwa, magonjwa ya zinaa, wakati mwingine HIV.

Si haki kumhukumu msichana huyu. Afadhali tumweleze mapema kuhusu njia za kupanga uzazi, kondomu, na vidonge vya kuzuia HIV vinavyotolewa katika vituo vya afya vya serikali. Lakini kinga bora kuliko zote ni kitanda salama kwa majuma hayo.

Uingereza walilitambua hili. Sheria za huko zinazihitaji serikali za mitaa kumsaidia kijana aliyetoka malezini na anayesoma chuo kupata mahali pa kukaa wakati wa likizo. Hupewa pia pauni 2,000 kama msaada wa masomo ya juu, na mshauri wake binafsi anaweza kuendelea naye hadi miaka 25. Tangu 2008, fomu ya kuomba nafasi ya chuo huko ina mahali pa kuonyesha kwamba mwombaji amelelewa nje ya familia, ili chuo kijiandae kumsaidia.

Hatuna hazina ya Uingereza. Lakini chuo kuacha vyumba vichache wazi wakati wa likizo hakuhitaji hazina. Na kuongeza swali moja kwenye fomu ya usajili, lijibiwe kwa hiari na kwa siri, ni gharama ya wino tu.

KARO IMFUATE MTOTO

Mkakati wa mwaka wa 2022 umepangwa kwa miaka kumi, na lengo lake ni watoto warudi katika familia, kwa jamaa au kwa walezi. Ni lengo jema, na linaafikiana na yale tunayoyajua kuhusu ukuaji wa mtoto.

Hata hivyo, kuna jambo linalonitia wasiwasi. Wafadhili wengi hutoa pesa kwa ajili ya makao. Mtoto akirudishwa kwa nyanya yake kijijini, karo hubaki nyuma pamoja na kitanda. Nimewaona vijana walioacha shule muhula uleule walioungana na jamaa zao, ilhali makao walikotoka bado yalikuwa yakipokea misaada kutoka ng'ambo.

Ewe mfadhili, iwe ni kanisa, chama cha akina mama au kampuni, tafadhali andika katika makubaliano yako kwamba karo imfuate mtoto popote aendapo. Akienda kwa nyanya, imfuate. Akienda chuo cha ufundi au chuo cha mafunzo ya matibabu, imfuate huko pia. Elimu ya juu si chuo kikuu pekee.

Kuhusu chuo kikuu, mwaka wa 2023 serikali ilianzisha mtindo mpya wa ufadhili unaowapanga wanafunzi kulingana na uwezo wa familia zao. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa unakiuka Katiba, na suala likafika katika Mahakama ya Rufaa. Mtindo uwao wowote, swali lililoulizwa ni uwezo wa familia. Asiye na familia asiache nafasi hiyo wazi. Aambatanishe barua ya makao na ya afisa wa watoto inayoeleza hali yake. Na kwa kuwa taratibu hubadilika, athibitishe kwa HELB yenyewe kabla ya kujaza fomu.

MTU MMOJA ANATOSHA

Vijana wa makao wanaofika chuoni na kumaliza hawakosi. Ninapowauliza ni nini kilichowavusha, wachache hutaja shirika au mpango wowote. Karibu kila mmoja humtaja mtu. Mwalimu wa hisabati aliyempigia simu kila Jumapili. Mama wa kanisani aliyemwambia Krismasi aje kwake. Dereva wa makao aliyemsindikiza siku ya kujisajili, akabeba godoro kichwani na kusaini mahali pa mlezi.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na ni kweli. Lakini kwa kijana ambaye hana hata huo mmoja, mkono mmoja ni mwanzo mkubwa.

Msomaji wa mjini, huenda huna uwezo wa kulipa karo ya miaka minne. Je, unaweza kuwa mtu huyo mmoja? Unaweza kupokea simu usiku, kumpa kijana kochi la kulala kwa majuma mawili ya likizo, kumwonyesha jinsi ya kugawa pesa za mwezi, na kwenda kumwona akihitimu? Kama unaweza, mwone afisa wa watoto au meneja wa makao yaliyo karibu nawe. Usikasirike wakikuhoji kwa makini na kuomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Wana haki ya kuwalinda watoto wao. Ukianza, usiache njiani, kwa maana vijana hawa wameshaachwa vya kutosha.

Na wewe kijana unayesoma haya ukiwa makaoni au umetoka juzi, nina maneno machache. Hifadhi nakala za karatasi zako kwa mtu unayemwamini. Ukifika chuoni, juma la kwanza itafute zahanati ya chuo, afisi ya mkuu wa wanafunzi na mshauri nasaha, hata kama huna shida. Watafute wenzako waliopitia njia hiyo. Nchini Kenya kuna chama cha watu waliolelewa makaoni kiitwacho KESCA, na wanachama wake wanayajua mambo haya kuliko daktari yeyote.

Ukiona usingizi umekukimbia kwa zaidi ya majuma mawili, huoni ladha ya chakula, unalia bila sababu au unafikiri kwamba heri usingezaliwa, usinyamaze. Nenda hospitali siku hiyohiyo na useme hivyo bila kuficha. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba. Usiogope polisi. Huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Barua za vyuo zitakapotoka tena, kutakuwa na kijana mahali fulani anayeisoma yake mara tatu, kisha anaikunja na kuiweka chini ya godoro kwa sababu hajui ampelekee nani. Makao, jamaa, vyuo na sisi majirani tukipanga mambo yake tangu akiwa na miaka 15, atakuwa na wa kumpelekea.